Jicho Halipimi Damu

Mtu akitaka kuufunga mjadala katika wodi ya wazazi, sentensi yake iko tayari: "Mimi nimezalisha miaka ishirini na tano." Nimeisikia kwa wakunga, kwa madaktari, kwa matroni mwenye kupanga zamu. Nimeitamka mwenyewe, tena kwa sauti. Mwanafunzi anauliza kwa nini tunafanya hivi na si vile. Anajibiwa kwa idadi ya miaka. Anainamisha kichwa na kurudi kukunja gozi. Nje ya geti la hospitali imani ni ileile. Familia inamtafutia binti yao daktari mzoefu, nesi mkongwe, "yule mama wa siku nyingi", na hakuna anayeuliza yule mama wa siku nyingi anafanya nini, na nani amewahi kuhakikisha kwamba anachokifanya kinasaidia.

Mimi nasema kwamba katika swali la tiba ipi inamfaa mama mjamzito na ipi inamuumiza, uzoefu wa mtu mmoja si ushahidi, hata ukiwa wa miaka arobaini. Nasema hivyo nikiwa mkunga, si mtakwimu. Uzoefu umenipa mengi ambayo kitabu hakikunipa: vidole vinavyotambua kichwa cha mtoto kilipo kabla sijafikiri, sikio linalojua sauti ya mama anayetaka kusukuma kutoka mwisho wa korido, maneno ya kumtuliza msichana wa miaka kumi na saba aliyeletwa usiku na bodaboda. Hayo siyadharau. Ninachokataa ni kuyapandisha cheo yakawa hakimu wa kuamua dawa ipi ni nzuri na kisu kikate wapi.

Tuanze na damu, kwa kuwa duniani kote hakuna kinachoua wazazi wengi kuliko damu inayotoka baada ya kujifungua.

Nina zoezi ambalo nimewapa wanafunzi na wakunga walio kazini kwa miaka mingi. Nachemsha rozela mpaka ikolee wekundu, naipoza, kisha napima mililita 800 kwenye jagi. Sehemu naimwaga juu ya kanga, sehemu inanywewa na pedi mbili, nyingine naiacha kwenye beseni ikichanganyika na maji kidogo, na iliyobaki inatiririka sakafuni kuelekea miguu ya kitanda. Halafu kila mtu anaandika kwenye karatasi yake bila kuchungulia ya jirani: mama huyu amepoteza damu kiasi gani? Wapo wanaoandika 250. Wapo wanaoandika 400. Mara chache sana mtu anafika 700. Na wakongwe hawakaribii ukweli kuliko wanafunzi wa mwaka wa pili. Tofauti yao ni kwamba wakongwe huandika haraka na hawafuti.

Si uzembe. Kanga inakunywa damu na kuificha. Maji ya chupa na mkojo vinaingia humohumo, jicho halijui kutenganisha. Zaidi ya yote, jicho linaona linachotarajia: mtoto amelia vizuri, kondo la nyuma limetoka zima, mama anatabasamu, kwa hiyo kalamu inaandika 200. Fungua rejista ya leba yoyote usome safu ya damu iliyopotea. Utakuta 200, 250, 200, 200, 250, ukurasa hadi ukurasa, kana kwamba wanawake wote wa wilaya hiyo wamekubaliana kutokwa na damu ya kiasi kimoja. Nusu lita ndiyo mpaka wa hatari tuliofundishwa. Anayevuka mpaka huo bila kuandikwa hatibiwi mpaka aanze kuhema na kutoka jasho la baridi, na hapo tumeshachelewa.

Mwaka 2023 yalitangazwa matokeo ya utafiti unaoitwa E-MOTIVE, uliofanyika katika hospitali zipatazo 80 za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini, kwa wanawake zaidi ya 200,000 waliojifungua kwa njia ya kawaida. Jambo jipya halikuwa mashine. Lilikuwa shuka la plastiki linalowekwa chini ya makalio ya mama, lenye mfuko unaoning'inia mbele kama faneli, na kwenye mfuko mistari ya vipimo. Mkunga anasoma mstari kila robo saa kwa saa ya kwanza. Damu ikifika mililita 500, au 300 na zaidi huku mapigo au presha vikionyesha kasoro, hasubiri: anaukanda mji wa mimba, anatoa oksitosini, anatoa asidi ya traneksamu, anafungua dripu, anakagua damu inatoka wapi na kuita msaada, yote kwa mkupuo mmoja badala ya kujaribu hili, kungoja, kisha kujaribu lile. Katika hospitali za ulinganisho plastiki iliwekwa pia, ila bila mistari, na damu ikapimwa baadaye kwa mizani ili ukweli ujulikane. Huko, ambako jicho liliachiwa kazi yake kama siku zote, kutokwa na damu nyingi kuligunduliwa kwa mama 51 tu katika kila 100 waliokuwa nako. Kwenye mistari waligunduliwa 93.

Someni tena hesabu hiyo. Katika hospitali zetu wenyewe, mikononi mwa wakunga wenye vyeti na miaka yao, karibu nusu ya kina mama waliokuwa wakivuja damu ya hatari hawakuonekana.

Kwa jumla, wanawake waliopoteza lita nzima au zaidi, au waliopasuliwa tumbo kwa sababu ya damu, au waliofariki kwa damu, walikuwa asilimia 4.3 upande wa jicho na asilimia 1.6 upande wa mistari. Niseme na hili, maana ushahidi hauhitaji kupambwa: sehemu kubwa ya tofauti hiyo inatokana na damu iliyofika lita moja. Vifo vyenyewe vilikuwa vichache mno kuweza kulinganishwa kwa uhakika. Mwishoni mwa mwaka huohuo Shirika la Afya Duniani lilipendekeza shuka hilo pamoja na ule mkupuo wa tiba. Na bado nimekaa katika kikao cha kujadili kifo cha mzazi, nikamsikia mtu mwenye madaraka akisema kwamba mkunga wa kweli hahitaji kusomewa damu na plastiki.

Kwa nini watu wenye akili na huruma wanasema hivyo? Kwa sababu uzoefu, kwa jinsi ulivyo, hauwezi kuwaonyesha kosa lao. Nipigieni hesabu ya maisha ya kazi kama yangu. Mkunga akizalisha kina mama 300 kwa mwaka kwa miaka 25, amezalisha 7,500. Utafiti wa hali ya afya wa 2022 ulikadiria kwamba Tanzania hufa wazazi 104 kwa kila watoto 100,000 wanaozaliwa hai, kutoka 556 katika utafiti wa 2015 na 2016. Kwa kiwango hicho cha 2022, mkunga huyo katika maisha yake yote atashuhudia vifo vinane. Vinane, kwa sababu mbalimbali: huyu damu, yule kifafa cha mimba, mwingine maambukizi. Sasa chukua tabia moja mbaya ya wodini inayoongeza hatari ya kifo kwa robo nzima. Itamwongezea vifo viwili katika miaka 25. Nani, kwa kumbukumbu yake tu, atavitambua viwili hivyo kati ya kumi? Atasema ni mapenzi ya Mungu, atavaa kitenge chake aende msibani, na Jumatatu atarudi kufanya vilevile. Mimi nimefanya hivyo.

Nitoe mfano wa kisu. Nilipofundishwa kazi, kila mama wa uzazi wa kwanza aliongezewa njia. Kila mmoja, bila kuangalia msamba wake. Tuliambiwa kwamba ukikata wewe, jeraha linanyooka na kushonwa vizuri. Ukimwacha achanike, litafika nyuma na kumharibu. Wazo hilo lilienezwa sana na daktari wa Chicago, Joseph DeLee, katika mada aliyoitoa mwaka 1920, na likasafiri mpaka likafika kwenye trei yangu ya vifaa likiwa halina jina la mtu, limekuwa "ndivyo inavyofanyika". Uzoefu wangu ulilithibitisha kila siku: nilikata, nikashona, akapona. Nisichoweza kuona ni mama yuleyule bila kukatwa. Huyo hayupo wodini. Ili umwone unahitaji makundi mawili ya wanawake yaliyogawanywa kwa bahati nasibu, moja likatwe kwa desturi, jingine likatwe pale tu panapokuwa na sababu. Jaribio kama hilo lilifanyika Argentina na kutangazwa mwaka 1993, kwa wanawake zaidi ya 2,600. Machaniko mabaya ya kufika nyuma hayakupungua kwa kukatwa. Yalikuwa asilimia 1.5 kwa waliokatwa kwa desturi na 1.2 kwa wale wengine. Kinga niliyokuwa naiuza haikuwepo.

Nawakumbuka kwenye benchi la kliniki, wiki ya kwanza baada ya kujifungua, wamekaa upande mmoja wa kalio, mkono umeshika ukingo wa benchi, wanasubiri zamu ya mtoto kupimwa. Walikuwa wakinisalimia kwa heshima. "Shikamoo sista." Walidhani maumivu yale ndiyo uzazi wenyewe. Nami nilidhani hivyohivyo, na kidonda kikichimbika niliwaambia wakalie maji ya uvuguvugu yenye chumvi.

Anayedhani haya ni makosa ya wakunga wa mikoani aangalie wakubwa walivyofanya. Kuanzia miaka ya 1940, madaktari wa Marekani na Ulaya waliwapa wajawazito homoni ya kutengenezwa iitwayo dietilistilbestroli wakiamini inazuia mimba kuharibika. Walikuwa na uzoefu tele: mama aliyekuwa amepoteza mimba mbili alimeza vidonge, akazaa salama, akamletea daktari picha ya mtoto. Mwaka 1953 jaribio la Chicago liliwalinganisha waliopewa dawa hiyo na waliopewa vidonge visivyo na dawa, likaonyesha kwamba haisaidii chochote. Uzoefu ukakataa. Dawa iliendelea kuandikwa kwa karibu miaka 18 zaidi, mpaka mwaka 1971 ilipobainika kwamba baadhi ya mabinti waliokuwa tumboni mama zao wakiinywa walikuwa wakipata saratani adimu ya uke. Ushahidi ulikuwepo muda wote huo. Waliukataa kwa sababu wao waliona kwa macho yao.

Na kifafa cha mimba. Kwa miongo kadhaa madaktari wa Uingereza walitumia diazepamu na baadaye fenitoini, wa Marekani wakatumia magnesiamu salfeti, kila upande na maprofesa wake, kila upande na uzoefu wa maelfu ya wagonjwa, na wote hawawezi kuwa sahihi. Jaribio la 1995 ndilo lililoamua: waliopewa magnesiamu walirudiwa na degedege kwa kiasi cha nusu tu ya waliopewa diazepamu. Mwaka 2002 jaribio jingine, Magpie, la wanawake zaidi ya 10,000 katika nchi 33, likaonyesha kwamba magnesiamu inapunguza kwa zaidi ya nusu hatari ya kifafa kwa mwenye presha ya mimba ambaye bado hajaanguka. Ni chumvi. Haina hakimiliki ya mtu wala haihitaji mashine. Kabla ya hapo, mama akianguka kifafa alipata dawa kulingana na alikosomea daktari wa zamu.

Najua jibu linalokuja, kwa kuwa huwa linakuja kwa hasira: huo ushahidi ni wa wazungu, umefanyika kwao, kwa vifaa vyao, sisi wanatuletea mabango. Sehemu ya jibu hilo ni kweli na nitaitetea mimi kabla ya wao. Chukueni sindano ya steroidi anayochomwa mama mwenye dalili za kujifungua kabla ya wakati, ili mapafu ya mtoto yakomae. Jaribio la kwanza lilitoka Auckland, New Zealand, mwaka 1972, na matokeo yalikuwa mazuri. Wakongwe wa nchi tajiri hawakuyaamini. Marekani ilingoja hadi mwaka 1994 ndipo wataalamu wake walipokutana na kuipendekeza rasmi itumike kwa upana. Zaidi ya miaka 20 ya watoto wanaohangaika kuvuta pumzi, wakati dawa ipo kabatini. Hilo ni kosa la kuupuuza ushahidi. Lakini mwaka 2015 likatoka jaribio lililosambaza sindano hiyo hadi vituo vya chini katika maeneo ya Kenya, Zambia, India, Pakistan, Guatemala na Argentina, na huko vifo vya watoto wadogo zaidi havikupungua, huku vifo vya watoto wachanga kwa ujumla vikiongezeka. Dawa ni ileile. Kilichotofautiana ni kwamba katika mazingira hayo ni vigumu kujua umri halisi wa mimba, wengi wakachomwa bila kuhitaji, na mtoto aliyezaliwa njiti hakuwa na mahali pa kuangaliwa.

Mtetezi wa uzoefu husimama hapo na kusema, mmeona? Asiondoke kwanza. Nani aligundua madhara hayo? Si jicho la mkongwe yeyote. Yaligunduliwa na jaribio, kwa kuhesabu karibu watoto 100,000. Na ni jaribio jingine, lililotangazwa mwaka 2020 kutoka hospitali za Kenya, Nigeria, India, Pakistan na Bangladesh, lililoonyesha kwamba pale umri wa mimba unapothibitishwa kwa ultrasaundi na mtoto akawa na huduma ya kumpokea, sindano hiyo inaokoa: watoto waliofariki walipungua kutoka asilimia 23.5 hadi 19.6. Anayelalamika kwamba ushahidi wa Ulaya hautufai anadai ushahidi zaidi wa hapa. Mimi nipo naye. Ila asiutumie ulalamishi huo kurudi kwenye miaka yake ishirini na tano.

Tena sijui kwa nini tunaukana ushahidi kuwa wetu. Mstari wa tahadhari na mstari wa hatua kwenye patografu, ile chati ya uchungu ambayo kila mkunga wa Afrika Mashariki ameijaza usiku kwa tochi ya simu, ilichorwa na Philpott na Castle huko Harare, wakati huo ikiitwa Salisbury, wakatangaza kazi yao mwaka 1972. Walitaka mkunga wa kituo cha mbali ajue lini ampeleke mama hospitali kubwa. Na ni Afrika hiyohiyo iliyokuja kuisahihisha. Sisi tulikariri kwamba njia lazima ifunguke sentimita moja kila saa. Mama akichelewa, anatundikiwa dripu ya uchungu au anapelekwa kupasuliwa. Watafiti waliwafuatilia wanawake 5,606 wa Nigeria na Uganda waliojifungua salama, matokeo yakatoka mwaka 2018, wakakuta kwamba wengi wao walikwenda polepole kuliko hapo, hasa kabla ya kufika sentimita tano, na hawakuwa na tatizo lolote. Mwaka huohuo Shirika la Afya Duniani lilisema sentimita moja kwa saa isiwe kipimo cha kumhukumu mama, na kwamba uchungu halisi uhesabiwe kuanzia sentimita tano. Ni wanawake wangapi nimewaambia "wewe umekwama" kumbe mwili wao ulikuwa unafanya kazi yake? Sitajua kamwe. Rejista inaonyesha dripu; haionyeshi kama ilihitajika.

Jibu la pili ni la vifaa: tupeni kwanza vitanda, damu salama na watumishi, ushahidi utakuja baadaye. Nimefanya kazi zamu ya usiku tukiwa wawili kwa wazazi kumi na wanane, kwa hiyo sitaki mtu anieleze uhaba. Lakini angalieni ni mangapi kati ya yanayopendekezwa ambayo ni ya kuacha tu. Kuacha kunyoa nywele kwa lazima, kuacha enema, kuacha kumkandamiza mama tumboni ili mtoto atoke, kuacha kukata kila mama wa uzazi wa kwanza, kuacha kumlaza chali kwa nguvu ilhali anataka kuchuchumaa au kupiga magoti kama bibi yake alivyofanya. Kuacha kuna gharama gani? Kitanda hakinunuliwi ili mama apige magoti. Anahitaji mkeka na mkunga aliye tayari kuinama.

Na kuacha kumfukuza mtu aliyemleta. Hili linanikera kuliko yote. Mama mkwe au dada anafika na beseni, vitenge na chupa ya chai, anaambiwa "subiri nje", analala kwenye sakafu ya varanda, na ndani binti anapiga kelele peke yake. Uchambuzi wa majaribio 26, wenye wanawake zaidi ya 15,000, uliochapishwa mwaka 2017, ulionyesha kwamba mama anayekuwa na mtu wa kumshikilia tangu uchungu hadi mwisho hujifungua kwa njia ya kawaida zaidi, hupasuliwa mara chache zaidi, na uchungu wake huwa mfupi kidogo. Dawa gani tunayo yenye sifa hizo? Tungeambiwa ni kidonge, waziri angekizindua kwa mbio za mwenge. Kwa kuwa ni shangazi mwenye kanga begani, tunasema wodi ni ya wazi, hakuna faragha. Basi tundikeni pazia. Kigoma walijaribu, chini ya shirika la Thamini Uhai, wakawaingiza wenza wa uzazi katika vituo vya umma vilevile vyenye msongamano, na kazi ikaendelea.

Kwa upande mwingine, simpi nafasi yule anayekimbilia mila akidhani amepata kimbilio dhidi ya hospitali. Dawa za miti za kuongeza uchungu, zile zinazochemshwa nyumbani ili binti "asichelewe", zinapimwa kwa rula ileile. Nani amezilinganisha, kwa kipimo gani, na walioumia walihesabiwa wapi? Mji wa mimba wenye kovu la upasuaji unaweza kupasuka kwa mkazo usiopimwa, uwe wa mizizi au wa oksitosini. Daktari anayetundika dripu ya uchungu kisha akaondoka bila mtu wa kusikiliza mapigo ya mtoto hana haki ya kumcheka bibi wa mizizi. Wamefanya jambo moja.

Kuna njia ya kuwaingiza wakongwe katika kazi hii bila kuwavunjia heshima, na imeonekana Zanzibar. Katika hospitali ya Mnazi Mmoja, kuanzia mwaka 2014, mradi wa PartoMa ulichukua miongozo ya kimataifa, ambayo hakuna mwenye zamu nzito angeweza kuifuata yote, ukaikata pamoja na wakunga na madaktari wa palepale mpaka ikawa kijitabu cha kurasa chache kinachoendana na idadi yao na vifaa vyao, kisha wakawa wanakutana mara kwa mara kujifunza kwa visa vya wodini. Watoto waliozaliwa wamekufa walipungua kutoka 59 kwa kila vizazi 1,000 hadi 39. Uzoefu ulitumika hapo mahali pake: kujua nini kinawezekana saa nane usiku, nani yuko wapi, funguo za stoo anazo nani. Kuhusu nini kinasaidia, walihesabu.

Hicho ndicho ninachodai katika kila kikao cha vifo vya uzazi ninachoalikwa. Pale mtu anaposema "kwa uzoefu wangu", katibu aandike swali linalofuata: umelinganisha na nini? Anayesema mama alipoteza mililita 300 aonyeshe alizipima vipi. Anayesema alimkata kwa sababu, aiandike sababu hiyo kwenye faili kabla ya kushona, si baada. Wanafunzi wawe na haki ya kuuliza bila kuambiwa wana kiburi, kwa maana miaka ya mwalimu si jibu la "kwa nini".

Miezi michache iliyopita nilikuwa nimesimama leba kama mgeni, nimeshika mkoba wangu, nikitazama mkunga kijana na shuka la plastiki. Mtoto alikuwa kifuani kwa mama, kondo la nyuma limeshatoka. Mkunga mkongwe wa zamu alitupa jicho mara moja, akasema ni kawaida hiyo, ameona zaidi ya hapo. Kijana alichuchumaa mpaka macho yake yakawa sawa na mfuko. Akasoma mstari. "Mia tatu na hamsini." Akashika kiganja cha mama, akatazama saa ya ukutani, midomo ikihesabu. "Mapigo mia moja na kumi na nane." Hakubishana na mtu. Alinyoosha mkono akaanza kuukanda mji wa mimba, na kwa sauti ya kawaida kabisa akaomba oksitosini, traneksamu, dripu, na daktari aitwe. Mkongwe alisimama kidogo. Kisha akavaa glavu.